Siku Moja na Nusu ya Mfalme

Kicukiro, Jumanne

Kwa Babu Libère Rugamba,
Gikondo, nyuma ya gereji

Babu yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshaitikia hata kabla hujavaa miwani. Natumaini barua hii imekukuta ukiwa mzima, goti la kushoto limepunguza ukali sasa mvua zimekatika, na kile kikohozi hakikuamshi tena. Shangazi Mukarugwiza naye je? Bado anagombana na mafundi wanaoegesha magari mlangoni? Msalimie sana, mwambie sweta lake linanitosha. Mimi mwili ni mzima. Naandika mwili, kwa sababu hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Utashangaa kupata barua kutoka karibu hivi. Nikisimama kwenye ngazi za bweni naona kilima chenu, na asubuhi kukiwa hakuna ukungu nadhani naona hata mabati ya kanisa. Nimempa Benon, yule wa moto, pikipiki ya abiria, wa pale Sonatubes anayempeleka shangazi sokoni, naye ameahidi kukukabidhi wewe mwenyewe mkononi. Jumapili ulikaa nami saa nzima kwenye benchi la wageni, na mara tatu nilifungua kinywa, na mara tatu nikakuuliza habari za goti. Unanijua. Wewe ndiye uliyesema kwamba mgeni akiniuliza jina, linanitoka kama jino.

Tena naandika Kiswahili makusudi. Kifaransa nilifundishwa na masista, Kiingereza ndicho cha mitihani, na katika lugha zote mbili naweza kusema uongo vizuri sana na kupewa alama. Hiki Kiswahili ulichotoka nacho Buyenzi, kule Burundi, nimejifunzia jikoni kwako, nikimenya ndizi, na humo sijawahi kumdanganya mtu nikafanikiwa.

Nianze na mfalme, kwa kuwa wewe ndiye uliyenipa.

Tangu nimepata akili picha yake iko ukutani kwako, upande wa kulia wa Bikira Maria: Baudouin, mfalme wa Wabelgiji, mwenye sare nyeupe na miwani. Mwaka 1955 ulikuwa na miaka kumi na mmoja, mkapangwa kando ya barabara pale Astrida na bendera za karatasi, mkaimba mpaka sauti zikakauka, gari likapita, na wewe ukaona miwani tu. Watu wakamwita Bwana Kitoko, yaani bwana mzuri wa sura. Nilipokuwa mdogo nikirudi nalia kwa sababu darasa zima limenicheka, ulinikalisha chini ya picha ile ukaniambia kwamba yule naye alikuwa na haya. Kisha ukanipa maisha yake kipande kipande, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Mama yake, Malkia Astrid, alikufa kwenye ajali ya gari huko Uswisi kabla mtoto hajatimiza miaka mitano, na aliyekuwa ameshika usukani ni baba yake. Halafu vita. Halafu miaka ya kukaa ugenini, huku watu wa nchi yao wakigombana kama baba arudi au asirudi kwenye kiti. Mwisho kijana wa miaka ishirini akapewa kiti ambacho hakukiomba, kikiwa bado na joto la baba aliyesukumwa atoke. Wanasema miaka ile hakucheka. Alioa, hakujaliwa mtoto.

Kuna mahali ulikuwa unasimama kila mara. Ulikuwa unasema, hebu fikiria mtu anashuka kwenye mji unaoitwa kwa jina la mama yake, watu wote wanapiga makofi, na mama hayupo. Mimi ambaye mama namjua kwa picha ya kitambulisho, sijui kama umewahi kuona jinsi nilivyokuwa nainama pale.

Na kuna mahali ulikuwa unacheka mpaka unakohoa: Léopoldville, 1960, mfalme amesimama kwenye gari la wazi, mtu mmoja anatoka kwenye umati anamnyakua upanga na kukimbia nao. Ulikuwa unamaliza kwa kusema kwamba mfalme hakumkimbiza. Angemkimbizaje, na wewe ulimwona mwenyewe, hakuwa mtu wa mbio.

Mwaka jana tuliposoma historia ya 1959 nilikuuliza: mlipochomewa nyumba mkatembea kwa miguu hadi Burundi, mfalme wa Wabelgiji waliokuwa wanatuongoza alikuwa nani? Ukasema, ni huyu. Nikauliza, sasa alifanya nini? Ulikifuta kioo cha picha kwa mkono wa shati, ukasema: "Yeye alikuwa anasaini tu, mwanangu. Mfalme wa namna ile anasaini." Sikuuliza tena. Ila neno hilo nimelala nalo tangu siku ile.

Sasa nije kwa shule.

Uliwaambia watu wote wa jumuiya ya kanisa kwamba mjukuu wako ni doyenne, mkuu wa wanafunzi. Sikukuambia jinsi nilivyochaguliwa. Walimu walinitaka kwa sababu sina kelele, na wanafunzi walinipigia kura kwa sababu sijawahi kumshtaki mtu. Msaidizi wangu ni Kenny, yule mvulana wa familia iliyorudi kutoka Kampala, anayeweza kuongea akiwa amepiga mswaki nusu. Baada ya kusikia nilivyosoma habari za mfalme wako kwenye klabu ya historia, Kenny alisema basi yameeleweka: mimi ni malkia wa Ubelgiji, kazi yangu kukata utepe, yeye ndiye serikali. Kila mtu alicheka na mimi nikacheka. Ukweli ni kwamba nilifurahi. Nilikuwa nasaini orodha za waliochelewa, ruhusa za kutoka getini, muhtasari wa vikao. Jina langu lilikuwa linaongea, mdomo umepumzika.

Bweni la wasichana wakubwa tumo arobaini na wawili. Mlezi wetu, Mama Nyiransabimana, hufunga mlango kwa kufuli, kwa nje, kisha huenda kulala jengo lingine na ufunguo, kwa sababu mwaka jana kuna msichana aliyetoka bila ruhusa. Wiki tatu zilizopita, alfajiri, soketi iliyo karibu na meza ya pasi ilianza kutoa moshi. Sitakueleza yote. Nitakueleza tu kwamba mlango ule unafunguka kuelekea ndani, na sote tulikuwa tumeusukumia uzito wetu, kwa hiyo hata ufunguo ulipofika haukufunguka mpaka tulipopigiwa kelele turudi nyuma, turudi nyuma, na wa nyuma hawakusikia. Hakuna aliyeungua. Soketi wakaibandika plasta nyeusi. Jioni kufuli likarudi mahali pake.

Siku mbili baadaye Mkurugenzi alikuta barua chini ya mlango wa ofisi yake. Ilikuwa ya Kifaransa, ya heshima, inaomba kufuli liondolewe au ufunguo ubaki ndani kwa mkubwa wa bweni. Majina hayakuandikwa kwa safu. Yaliandikwa kwa duara, kama sahani, ili asiwepo wa kwanza wala wa mwisho. Yalikuwa majina arobaini na moja. Lakini mwandiko wa barua yenyewe ulikuwa mmoja, mzuri kama wa kadi ya harusi, na shule nzima inaujua. Ni wa Iteka.

Iteka unamkumbuka. Ndiye yule Mrundi unayemwita mtoto wa Buyenzi kwa sababu akikusikia tu anakujibu kwa Kiswahili cha kule na mnaniacha pembeni. Mama yake ana duka la vitenge Sonatubes. Tangu nimefika hapa, nikiitwa mbele ya watu yeye hunikanyaga kidogo mguu chini ya dawati ili nikumbuke kupumua.

Bwana Mutsinzi, prefe wa nidhamu, alisema kwamba kufuli si tatizo, kufuli linazungumzika. Kinachomsumbua ni kichwa. Alisema barua haiwezi kuwa na vichwa arobaini na kimoja, lazima kipo kimoja kinachofikiri na vingine vinavyofuata, na akikiacha hiki, kesho kitaandika wizarani. Akamwita Iteka akamwuliza kama barua ni yake. Iteka akasema mwandiko ni wake. Akamwuliza kama kuna aliyemsaidia. Akasema hakuna.

Kamati ya nidhamu ikakaa Jumatano iliyopita. Iliamua Iteka arudi nyumbani, na wiki hii, Ijumaa, baraza la shule lithibitishe. Likithibitisha, jina lake linaondolewa kwenye orodha ya watahiniwa wa mtihani wa taifa, na mwaka wake umekwenda. Lakini kwa kanuni za shule muhtasari wa kamati haupokelewi bila sahihi ya mwakilishi wa wanafunzi. Yaani mimi. Niliambiwa nifike siku ileile saa kumi nisaini.

Wakati wa chakula cha mchana Iteka alikaa karibu nami kama kawaida. Hakuniomba kitu. Alinisogezea maharage yake kwa sababu anajua nayapenda, akaniambia kwa sauti ndogo: "Ihirwe, wewe sema tu unachokijua." Nikamwambia sitasaini. Nilisema hivyo, Babu, kwa kinywa changu hiki.

Halafu nikamkumbuka mfalme.

Ulinisimulia mara nyingi habari za mwaka 1990. Bunge lao lilikuwa limepitisha sheria ya kuruhusu kutoa mimba, na sheria haiwi sheria bila mfalme kutia sahihi. Dhamiri yake ikakataa. Akamwandikia waziri mkuu kwamba hawezi, na kuuliza kama uhuru wa dhamiri ni wa raia wote isipokuwa mfalme peke yake. Wakatafuta njia. Mawaziri wakatangaza kwamba mfalme hawezi kutawala, wakatia sahihi wao kwa niaba yake, na baada ya kama siku moja na nusu bunge likamrudishia kiti. Ulikuwa unaisimulia ukiwa umekunja ngumi kwa furaha. Ulikuwa unasema, umeona, mkono wake ulibaki safi.

Basi nikaifungua kanuni ya shule ukurasa kwa ukurasa, na kweli imo: doyenne akiwa mgonjwa, msaidizi anasaini. Saa nane nilikuwa zahanati. Muuguzi, Mama Mukashema, alinipima homa, hakuna. Akaniuliza panapouma. Nikasema mkono. Akaushika wa kulia, akaugeuza huku na huku kama anachagua parachichi sokoni, akanitazama usoni, akanionyesha kitanda bila kuandika kitu. Nililala nikiwa nimeukunja kifuani, na nakuambia ukweli, nilijisikia mtakatifu.

Kenny alisaini saa kumi na nusu.

Alhamisi asubuhi nilisikia geti likifunguliwa. Dirisha la zahanati linatazama uani. Mama yake Iteka alikuwa amebeba godoro kichwani, na Iteka yuko nyuma yake na sanduku na beseni, na ndani ya beseni ndala zake, zile za njano. Walipofika katikati ya uwanja Iteka aligeuka akatazama upande wangu. Nilishusha pazia.

Alhamisi jioni nikapona. Siku moja na nusu, Babu, kamili kabisa. Kenny alinikuta bwaloni akainama mpaka kiunoni akasema: "Karibu tena kwenye kiti, Mtukufu. Wino umeshakauka." Nilingoja acheke, maana Kenny hucheka kwanza kabla ya watu. Hakucheka. Akaniambia kwamba siku ile alikaa pale ofisini nusu saa na kalamu iliyofunikwa, akimwambia Bwana Mutsinzi nimeshaanza kuja, niko njiani. Alidhani nitaingia nikatae. Akasema ningekataa naye angekataa, kwa sababu wawili si rahisi kuwapita, lakini peke yake, na baba yake anavyomfahamu prefe, aliogopa. Kisha akachukua sahani yake akaenda kukaa meza nyingine. Hajaniita malkia tena tangu siku hiyo. Ananiita Ihirwe.

Jumapili ukaja. Uliniuliza mtoto wa Buyenzi yuko wapi, nikasema ana malaria, amekwenda nyumbani. Ulisikitika, ukafungua mfuko ukatoa chapati mbili ukasema nimwekee, akirudi asikute zimeisha. Ziko ndani ya sanduku langu, kwenye karatasi ileile. Leo nimezifungua, zimeota ukungu wa kijani. Sikuweza kuzila wala kuzitupa.

Sasa, Babu, hayo yote nimeyaandika ili nifike hapa, na nikifika hapa mkono unataka kuuma kweli.

Barua ile ni yangu. Kila neno. Niliiandika nyuma ya daftari la hesabu siku ileile ya moshi, kwa Kifaransa cha masista, na niliifuta na kuirudia mara nne mpaka ikawa na adabu. Iteka aliinakili kwa sababu mwandiko wangu unajulikana, upo kila siku kwenye ubao wa matangazo. Alicheka akaniambia: wewe toa maneno, mimi nitatoa mkono. Hata duara ni wazo langu. Nilisema litatulinda sote. Na karatasi ilipozungushwa kitandani hadi kitandani, waliniachia nafasi karibu na jina la Iteka. Nikasema doyenne anafaa kusaini mwisho, baada ya wote. Wote wakasaini. Mimi nikasema nitasaini asubuhi. Asubuhi Iteka akaipeleka, hakuniuliza. Tuko arobaini na wawili, majina ni arobaini na moja, na nafasi ile nyeupe iko hadi leo ndani ya faili la Mkurugenzi, pana kama kidole gumba. Bwana Mutsinzi anatafuta kichwa, na hakuhesabu.

Nimefikiri sana juu ya mfalme siku hizi. Usinikasirikie. Yeye alikataa sheria ambayo hakuiandika yeye. Mimi nilikimbia maneno yangu mwenyewe. Yeye alimwandikia waziri mkuu sababu yake, na nchi nzima ikaijua. Mimi nilisema mkono unauma. Katika hayo yeye ni mkubwa kuliko mimi na nilikosea kumfananisha na mimi. Lakini kuna jingine, na hili sijawahi kulisoma popote, nimelifikiri tu nikiwa nimelala kwenye kile kitanda: mkono wake ulibaki safi, na sheria ikapita vilevile. Na zile siku nyingine, mlipokuwa njiani kwa miguu mmebeba masufuria, yeye hakuugua hata siku moja. Labda hakujua. Labda hakuna aliyemletea karatasi ya kukataa. Sijui, Babu, nina miaka kumi na sita, na wewe ulimwona kwa macho yako. Usiitoe picha ukutani kwa ajili yangu. Ila siku nyingine ukinisimulia habari zake, naomba usiishie kwenye mkono.

Ijumaa baraza linakaa saa tatu asubuhi. Nimeandika karatasi nyingine kwa Mkurugenzi, inayosema nani alitunga na nani alinakili, na kwa nini jina langu halimo. Hii nimeiandika kwa mwandiko wangu. Nimemweleza Kenny leo mchana, kwa maneno machache yaliyotoka, naye amesema ataingia nami na ataomba sahihi yake ifutwe. Lakini mwanafunzi wa umri wangu hasikilizwi na baraza bila mzazi kuwepo, na mzazi wangu ni wewe. Naomba uje. Huhitaji kusema kitu. Kaa tu pale nikuone, maana kwenye dawati hatakuwepo wa kunikanyaga mguu.

Huenda nami nitarudi nyumbani na godoro. Udoyenne utaondoka, hilo sina shaka, na wale wa jumuiya utawaambia unavyoona inafaa. Samahani kwa hilo, kwa kweli ndilo lililonichelewesha kuliko yote.

Nina ombi jingine moja, na ni zito. Kabla ya Ijumaa, mwambie Benon akupitishe Sonatubes, dukani kwa mama yake Iteka, umpe barua hii aisome yeye na Iteka. Nimemwandikia Iteka mara tatu nikachana. Wewe anakupenda. Kama hataki kuisoma, rudi nayo, usimbembeleze. Mwambie tu chapati zake ziliharibika kwangu.

Wasalimie mafundi wote, na Mzee Ilyasi anayekufungulia redio, na shangazi tena. Ukiwa hutaki kuja Ijumaa, Benon atangoja mpaka umalize kusoma, mwambie yeye neno moja tu, nitaelewa na sitalia. Mungu akulinde na ngazi za kanisa, usizipande bila fimbo.

Mimi mjukuu wako ninayekuheshimu, na hapa chini natia sahihi jina langu lote, ili mkono uzoee kabla ya Ijumaa,

IHIRWE Raïssa
wa arobaini na mbili